Maswali ya Wasomaji: Kumsaidia Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Kuipeleka Sayansi Skulini

Barua nyingi tulizozipokea safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kutoa mali na muda kwa ajili ya vijana wanaosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, walioko vyuoni na wale ambao bado wako skuli. Tumechagua tano. Barua tumezifupisha, na majina ya waandishi hatukuyachapisha.

Assalaamu alaykum Maalim. Sisi ni wanawake kumi na wawili, wafanyabiashara wadogo wa nguo na vyombo. Tuna mchezo wetu wa kupeana fedha, na sasa tumekubaliana kila mmoja atoe shilingi 10,000 zaidi kwa mwezi ili tumsaidie mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma sayansi. Tulipe ada ya mmoja, au tuwagawie wengi kidogo kidogo? Na tutajuaje kama fedha yetu imefanya kazi? — Mama wa Mwanakwerekwe

Waalaykumu ssalaam mama. Mwenyezi Mungu akutakabalieni nia yenu. Ada ndiyo gharama ambayo kila mtu huitaja kwanza, na ni kweli kwamba ni nzito, lakini ada angalau ina mahali pa kuombewa: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2011, ipo kwa kazi hiyo, na mwanafunzi mwenye sifa anapaswa kupitia huko kabla ya kubisha hodi kwa mtu binafsi. Kinachowaangusha vijana wengi wenye akili ni gharama ndogo ambazo hazimo katika karatasi yoyote: nauli ya kila siku kutoka mjini hadi chuo kikuu kilichoko Tunguu, chakula cha mchana, kodi ya chumba kwa aliyekosa nafasi ya dahalia, bando la kusomea, koti la maabara, kuchapisha ripoti, na tiketi ya boti kwa mtoto wa Pemba ambaye hajaonana na wazee wake tangu muhula uanze. Mkopo au ufadhili ukichelewa mwezi mmoja tu, mwanafunzi wa namna hii huanza kukosa vipindi vya maabara, na maabara ikipita hairudiwi.

Kwa hiyo ninyi mna nafasi nzuri kuliko mnavyodhani. Watu kumi na wawili kwa shilingi 10,000 ni shilingi 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Mkimpa kila mmoja wa wanafunzi wawili shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi ya masomo, mtakuwa mmetumia 1,200,000, na zitabaki 240,000 za dharura, kwa mfano akiugua mmoja wao au kompyuta yake ikiharibika wiki ya mitihani. Mimi ningechagua wawili na kuwashika mpaka mwisho kuliko kuwagawia kumi mara moja na kuwaacha. Shahada ya sayansi kwa kawaida ni miaka mitatu, uhandisi minne, udaktari wa binadamu mitano kabla ya mwaka wa mafunzo ya kazini; msiahidi miaka ambayo hamjaiwekea akiba. Kusanyeni kwanza walau nusu mwaka bila ya kutoa hata senti, ili siku mwenzenu mmoja atakapokwama kibiashara, ahadi kwa mwanafunzi isikwame pamoja naye.

Kuhusu uaminifu wa fedha, fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na pawe na sharti kwamba fedha haitoki bila ya saini mbili. Ikitokea mkalipa ada, ilipeni moja kwa moja kwa chuo kwa namba ya malipo ya mwanafunzi mwenyewe, na risiti iwekwe katika jalada. Posho ya mwezi mpeni mkononi mwake au kwenye simu yake bila ya kumuuliza kila shilingi ameipeleka wapi, lakini mwombeni akuleteeni matokeo kila mwisho wa muhula. Akifeli somo moja, kaeni naye mumuulize sababu kabla ya kumkata, kwa sababu mara nyingi sababu ni ile ile iliyokufanyeni mumsaidie. Na mkifika mahali pa kuchangisha watu wasiokujueni, sajilini jumuiya kwa Mrajis kwanza. Mchango wa watu wa nje unataka katiba, hesabu zilizokaguliwa na mtu wa kuulizwa.

Mimi ni mzaliwa wa Wete ninayeishi Muscat. Kila mwaka natoa zaka, na ningependa sehemu yake iende kwa vijana wa Pemba wanaosoma uhandisi. Vilevile nina nyumba Wete niliyoirithi, sasa imepangishwa. Je, zaka inafaa kwa wanafunzi? Na nyumba naweza kuifanya nini? — Msomaji wa Muscat

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nami nakushukuru kwa kuyatenganisha. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, na uanafunzi peke yake haumo katika orodha hiyo. Kilichomo ni ufakiri na umasikini. Mwanafunzi ambaye yeye na wazee wake hawana cha kutosha anaingia kwa mlango huo, na wanazuoni wa zama hizi walio wengi hawaoni kizuizi kwa kuwa anasoma uhandisi badala ya fiqhi, madhali elimu yenyewe ina manufaa. Wale waliotangulia katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoifuata, walizungumzia zaidi mtafuta elimu ya dini ambaye akienda kufanya kazi masomo yake yatakatika. Suala la kuihamisha zaka kutoka mji ilipo mali kwenda mji mwingine nalo lina kauli zake. Kwa hayo mawili ni bora upate jibu la maandishi kutoka kwa mwanachuoni unayemwamini au Ofisi ya Mufti, kisha utoe kwa moyo uliotulia.

Hesabu yenyewe haina ugumu: aliyefikisha nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka, ambayo kwa dhahabu huhesabiwa gramu 85, na mali ikapitiwa na mwaka, hutoa asilimia 2.5, kwa hiyo kila milioni kumi hutoa 250,000. Fedha hiyo apewe mwanafunzi iwe milki yake. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwani huchukua zaka wakanunulia skuli darubini au kompyuta. Nia ni njema, lakini wanazuoni wengi wanataka zaka imilikiwe na mtu mwenye haki nayo. Vifaa vya maabara, ukarabati wa madarasa na gharama za kambi za sayansi zitolewe katika sadaka ya kawaida, ambayo mlango wake ni mpana zaidi.

Nyumba ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba nikushawishi waziwazi: ifanye wakfu. Visiwa vyetu vina historia ndefu ya wakfu wa misikiti, visima, mashamba ya minazi na nyumba za Mji Mkongwe, na mpaka leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamiwa na sheria ya mwaka 2007. Sioni kwa nini tusiwe na wakfu wa wanafunzi wa hisabati na sayansi. Tuseme nyumba yako inaleta shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,600,000. Ukiweka sharti kwamba moja ya tano, yaani 720,000, ibaki kwa matengenezo, zitabaki 2,880,000 kila mwaka za kuwasomesha vijana, nawe huna haja ya kukumbushwa wala kuombwa. Fungu la matengenezo usilisahau, kwa sababu wakfu usio na fungu hilo huanza kuvuja paa na kumalizika kwa kuporomoka, na majumba ya namna hiyo tunayapita kila siku.

Sharti la mwenye wakfu huheshimiwa, basi liandike kwa uangalifu na usilibane kupita kiasi. Ukiandika kwamba fedha ni ya mwanafunzi wa uhandisi wa umeme kutoka mtaa wako tu, utafika mwaka hayupo na fedha ikae bure. Andika sayansi na hisabati kwa jumla, utangulize Wete, kisha Pemba, kisha Zanzibar yote. Shauriana na warithi wenzako kabla, kwa kuwa kilichofanywa wakfu hakiuzwi tena wala hakirithiwi, na ugomvi unaokuja baadaye huwaumiza wale uliokusudia kuwasaidia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia Wilaya ya Micheweni. Mwaka jana tulitembelewa na wanafunzi wa chuo kikuu kwa ufadhili wa kikundi fulani. Walifanya volkano ya siki na magadi, watoto wakapiga makofi, wakagawa fulana, wakaondoka. Waliochagua fizikia Kidato cha Tatu hawakuongezeka hata mmoja. Niwakatae wakija tena? — Mwalimu wa Micheweni

Usiwakatae, mwalimu mwenzangu. Wapokee, lakini wewe uwe ndiye unayewaambia waje kufanya nini, na kama unaweza, umwambie hivyo hivyo anayewalipia.

Kuna kisa cha kweli ambacho ningependa kila mfadhili wa ziara za namna hii akijue. Mwaka 1963 katika Skuli ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aitwaye Erasto Mpemba, ambaye licha ya jina lake hakuwa mtu wa Pemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe. Alichelewa, nafasi ya friji ilikuwa inakwisha, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, skuli ilitembelewa na mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na mwisho wa mazungumzo Mpemba akauliza swali lile lile. Wenzake walicheka, lakini Osborne alirudi Dar es Salaam na kulijaribu katika maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wa dunia wanabishana kuhusu kile kinachoitwa athari ya Mpemba, lini hutokea na kwa sababu gani.

Osborne hakuja na volkano. Alikuja na muda wa kusikiliza swali, na lililo kubwa zaidi, alirudi nalo maabara. Kosa la ziara mlizozipata ni kwamba hakuna swali lililobaki baada ya wageni kuondoka, wala hapakuwa na mtu wa kurudi nalo. Mfadhili akikuuliza fedha yake iende wapi, mwambie badala ya kulipa ziara moja kwa skuli kumi alipe ziara kumi kwa skuli moja, na vijana wanaokuja wawe wale wale, wajue majina ya watoto na watoto wawajue wao. Fedha ya fulana inunue nyaya, balbu, betri, vipima joto na mita za umeme zitakazobaki skuli, na ibakie kidogo kwa mwaka unaofuata, kwa maana mita isiyo na betri ni pambo.

Pia wafundishe kutokana na kile ambacho mtoto wa Micheweni anakijua kwa macho yake. Kila mtoto wa pwani anajua bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa wingi, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, lakini ni wachache walioonyeshwa kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu hapo mvuto wa jua na wa mwezi huwa katika mstari mmoja, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo miwili ikipishana kwa pembe mraba. Simikeni mti uliotiwa alama za sentimita pahali pa kina salama, watoto waandike urefu wa maji kwa mwezi mzima, kisha wachore grafu. Katika bahari yetu tofauti ya maji makuu na madogo wakati wa bamvua hukaribia mita nne, kwa hiyo hata kipimo kisicho cha uangalifu mkubwa kitatoa mchoro unaosomeka. Gharama yake ni rangi, daftari na saa, na ndani ya grafu hiyo mna hisabati ya Kidato cha Nne.

Wapelekeni Wawi, Chake Chake, wakaone kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ambako mvuke unapitishwa kutoa mafuta ya karafuu. Hapo kukeneka, yaani kuupoza mvuke uwe kimiminika, hakutakuwa tena picha ya kitabuni. Waulizeni kwa nini umeme unaofika Pemba kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010 unasafirishwa kwa volti 33,000, na si kwa volti 230 zinazotumika nyumbani; swali hilo ni mlango wa kuelewa nguvu, mkondo na joto linalopotea njiani. Waulizeni mama zao kuhusu mwani: kilimo chake kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na sasa ile aina yenye bei nzuri, cottonii, inakufa maji yanapopata joto. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamelifanyia kazi suala hilo kwa miaka mingi. Mtoto wa kike anayemuona mama yake akirudi na mwani uliooza hahitaji kushawishiwa kwamba biolojia ina maana. Anahitaji kuambiwa kwamba yeye mwenyewe anaweza kuwa mtafiti wa jambo hilo.

Nimemtaja mtoto wa kike kwa makusudi. Ziara nyingi hupangwa alasiri, wakati wasichana wana madrasa na kazi za nyumbani, kisha tunalalamika kwamba wavulana ndio waliojitokeza. Ziwekeni ziara asubuhi, saa za masomo, na wageni wawe wasichana pia.

Na lugha, mwalimu. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilitaka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtihani wa sekondari ndiyo hivyo ulivyo. Waombe wageni waeleze kwanza kwa Kiswahili mpaka watoto waanze kubishana wenyewe, halafu ndipo wawape maneno ya mtihani. Mtoto hawezi kuuliza swali kama la Mpemba kwa lugha anayoiogopa.

Taasisi moja imetaka kumsaidia mwanangu ada, lakini kwa sharti apigwe picha na mimi mamaake tukipokea hundi mbele ya watu. Mwanangu hataki. Je, anakosea? — Mama wa Chake Chake

Hakosei hata kidogo. Mtoaji ana haki ya kuona risiti, barua ya chuo na matokeo, lakini hana haki ya kuuonyesha umasikini wa nyumba yako. Waandikie kwa adabu kwamba mnashukuru, na kwamba mko tayari kutoa kila ushahidi wa matumizi isipokuwa picha. Wengi wakiambiwa hivyo huelewa, maana walikuwa wanafuata mazoea tu. Wasipoelewa, mwambie mwanao aende kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwake aulize ufadhili mwingine uliopo. Nami naziomba taasisi zinazosoma ukurasa huu zipige picha maabara, vitabu na mahafali, na si mikono iliyonyooshwa.

Maalim, mimi nasoma shahada ya kompyuta mwaka wa pili hapa Tunguu. Nimesomeshwa kwa mchango wa watu, nami natamani kutoa, lakini sina kitu. Nifanye nini kwa sasa? — Mwanafunzi, Tunguu

Mwanangu, ulicho nacho ndicho kinachotafutwa na kila mtu aliyeandika barua hapo juu, yaani elimu ya karibuni, kumbukumbu ya jinsi mtihani ulivyokuwa, na umri unaomfanya mwanafunzi wa Kidato cha Pili akuulize asichothubutu kumuuliza mwalimu. Laiti ningekuwa na uwezo, ningemshauri kila mfadhili wa chuo kikuu amwombe mnufaika wake arudi skuli aliyotoka, iwe saa mbili kwa wiki wakati wa muhula, au wiki nzima wakati wa likizo. Liwe ombi tu, kwa kuwa elimu aliyopewa kwa sadaka haifai kugeuzwa deni, na mwanafunzi anayezidiwa na masomo yake lazima aachiwe apumue. Lakini ninapotazama fedha inayotoka Mwanakwerekwe na Muscat, ninaona ikifika mara mbili: kwanza kwako, kisha kwa watoto arubaini uliowafundisha.

Ukienda, nenda kwa taratibu. Chukua barua ya utambulisho kutoka idara yako, muone mwalimu mkuu, na ufundishe katika darasa lililo wazi, mwalimu wa somo akiwepo. Usiende na programu kubwa isiyofunguka kwenye kompyuta mbili za skuli. Nenda na hesabu za Kidato cha Pili, kwa kuwa baada ya mtihani huo ndipo mwanafunzi anapoelekezwa kwenye sayansi au kwingine, na aliyekwisha kuiogopa hisabati hapo, tahasusi za sayansi za Kidato cha Tano humpita mbali.

Kisha kuna kazi ambayo haina sifa yoyote lakini imeokoa vijana wengi, nayo ni kuwasaidia wanaomaliza Kidato cha Sita kujaza maombi. Wapo waliofaulu vizuri wakakosa chuo kwa sababu hawakusoma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, na wapo waliokosa mkopo kwa sababu jina katika cheti cha kuzaliwa lina herufi moja tofauti na jina katika cheti cha mtihani. Marekebisho ya jina huchukua muda, na hayangoji tarehe ya mwisho ya maombi. Kaa nao mapema, wakiwa bado Kidato cha Tano, kila mmoja aje na vyeti vyake, na msome majina herufi kwa herufi. Palipo na kosa, mpelekeni mzazi kwa sheha apate barua, kisha aende kunakoshughulikiwa vyeti vya kuzaliwa wiki hiyo hiyo.